Ukumbusho: Picha za Mitaani katika Mji wa Lubumbashi

Mji wa Lubumbashi, ulioko Katanga katika nchi ya Kongo, ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910, ukaitwa Elisabethville mpaka mwaka 1966. Asili yake ni shaba. Watu waliokusanyika hapo kwa kazi ya kampuni ya Union Minière walitoka Katanga yenyewe, Kasai, Rwanda na kwingineko, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, ambacho kampuni ilikitumia kuwa lugha ya kazi. Mambo yaliyowapata watu hao hayakuandikwa sana vitabuni. Mengi yalichorwa, na picha hizo zastahili kuhesabiwa kuwa mali ya lugha ya Kiswahili, sawasawa na masimulizi ya wazee.

Katika miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wengi wa mji huo, ambao hawakupata mafunzo ya chuo, walichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, kisha wakazitembeza picha zao mitaani. Wanunuzi walikuwa watu wa mji wenyewe, nao walizitundika sebuleni. Wengine walipenda sura ya mamba-muntu, yule mwanamke wa majini aletaye mali kwa masharti mazito. Wengine walinunua picha iitwayo Colonie Belge: mfungwa amelazwa chini, askari mwenziwe Mwafrika anamchapa kiboko, na Mzungu amesimama akitazama.

Picha za namna hiyo ziliitwa ukumbusho. Neno hili latokana na kitenzi kukumbusha, na hapana budi kuiangalia kauli yake: si kukumbuka tu, bali ni kumfanya mtu mwingine akumbuke. Basi picha peke yake haikuwa historia kamili. Ilikuwa mwanzo wa mazungumzo. Mgeni aliyeketi chini yake aliuliza, mwenye nyumba akaeleza, na vijana wakasikia.

Aliyeifikisha kazi hii mbali kuliko wenziwe ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Yeye alijihesabu kuwa mwanahistoria. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea mwanazuoni Johannes Fabian mfululizo wa picha zipatazo 100, zenye kueleza habari za nchi yake toka zamani za wazee mpaka utawala wa Mobutu. Humo mna mgomo wa wafanyakazi wa Desemba 1941, ambao askari waliuzima kwa risasi mjini Elisabethville. Mna pia kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa karibu na mji huo tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Mpolo na Okito. Nyuma ya maiti zao mchoraji aliweka misalaba mitatu juu ya kilima. Kwa Wakristo wa mji huo maana yake haikuhitaji mfasiri.

Jambo la kuangaliwa sana na wachunguzi wa lugha ni hili: maneno yaliyoandikwa juu ya kitambaa aghalabu ni ya Kifaransa, lakini maelezo ya mchoraji yalikuwa ya Kiswahili cha Katanga. Kifaransa kilitaja jina na tarehe. Kiswahili kilibeba sababu, uchungu na hukumu. Fabian aliyanasa maelezo hayo kwa mashine, na mwaka 1996 akatoa kitabu chenye picha hizo pamoja na maneno yake. Hali kadhalika, mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hichohicho habari za mji huo kama walivyozijua watumishi wa nyumbani. Kazi hizi mbili ni ndugu.

Habari za Tshibumba zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha zake nyingi zimehifadhiwa Ulaya, mbali na sebule zilizokusudiwa. Rangi yaweza kulindwa ndani ya kabati. Lakini picha nyingi za wenziwe ziliondoka Lubumbashi bila maneno ya waliozichora na waliozitundika. Ukumbusho usiokuwa na msemaji hauna wa kumkumbusha. Ndiyo sababu Kiswahili cha Katanga, ambacho mara nyingi kimedharauliwa kuwa kibovu, chastahili kuchunguzwa kwa heshima: ndicho walichokitumia watu wa shaba kuihukumu historia yao.