Kikombe cha Java Kilivyofika Kortini

Wasee, kama unadhani mtihani ni wa shule tu, skiza hii. Mwaka 1995 kampuni ya Sun ilitoa Java (sio ile ya kahawa ya tao), lugha ya kuandika programu, na ahadi moja: andika mara moja, itafanya kazi kwa mashine yoyote. Tamu, lakini nani angeilinda? Sun waliweka mtihani. Toleo lako lilipite lote, ndiyo ubandike nembo ya kikombe kinachofuka moshi.

Microsoft walichukua leseni 1996. Mwaka uliofuata wakatoa Internet Explorer 4.0, na Sun wakasema Java iliyo ndani imefeli. RMI haikuwekwa, yaani ile sehemu inayowezesha objekti iliyo kwa kompyuta moja kuita nyingine iliyo kwa kompyuta ya mbali. Halafu kulikuwa na nyongeza za kufanya kazi kwa Windows pekee. Hapo ndipo naona ujanja wenyewe. Huhitaji kuua kiwango, unakipinda tu kidogo, na anayeandika programu anajikuta kwako bila kujua.

Kuna wenye husema Sun walikuwa wanalinda biashara yao. Sawa, walikuwa nayo. Lakini bila ule mtihani wangeenda kulalamika na nini mkononi?

Walishtaki Oktoba 1997. Machi 1998 jaji Ronald Whyte akazuia Microsoft kutumia nembo. Januari 2001 wakapatana: Microsoft walipe dola milioni 20, chenji kwao ukiniuliza, na kile kikombe wasikiguse tena.