Safari ya ndege Nairobi–New York

Safari ya ndege Nairobi–New York ni safari ya moja kwa moja kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (NBO) nchini Kenya na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa John F. Kennedy (JFK) nchini Marekani. Umbali wake ni takriban kilomita 11,840. Kwenda New York huchukua saa 15 hivi, na kurudi Nairobi saa 14 hivi.

Umbali

Umbali huo hupimwa kwa kufuata mkunjo wa uso wa dunia, yaani njia fupi kuliko zote kati ya viwanja hivyo viwili. Njia hiyo hupita juu ya Sudan Kusini, Sudan, Chad, Algeria na Moroko, kisha huvuka Bahari ya Atlantiki. Njia halisi ya ndege hubadilika kulingana na upepo, hali ya hewa na usalama wa anga.

Muda

Ndege ya aina ya Boeing 787 huruka kwa mwendo wa kilomita 900 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo pekee safari ingechukua saa 13 na dakika chache. Muda huongezeka kwa sababu ya kupaa, kutua, kuzunguka uwanjani na kukwepa njia fupi. Katika anga za juu za Atlantiki ya Kaskazini upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayokwenda New York hupambana nao, na inayorudi husukumwa nao.

Kuondoka Nairobi

Uwanja wa Nairobi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, ilhali ule wa New York uko mita 4 tu. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, hivyo injini na mabawa hupata nguvu ndogo. Kwa kuwa ndege hubeba mafuta mengi, uzito wa abiria na mizigo huenda ukapunguzwa. Kuondoka usiku, hewa ikiwa baridi, husaidia.

Tofauti ya saa

Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 8 wakati wa baridi na saa 7 wakati wa kiangazi. Wakati wa baridi, ndege ikiondoka Nairobi saa 5 usiku na kutumia saa 15, hufika New York saa 12 asubuhi, ambapo Nairobi ni saa 8 mchana.

Historia

Zamani abiria walilazimika kubadilisha ndege Ulaya, Mashariki ya Kati au penginepo. Mnamo Februari 2017 Marekani iliipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga, sharti la lazima kwa mashirika ya Kenya kuanzisha safari za Marekani. Kenya Airways ilianza safari hizo tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8. Zilisimamishwa mwaka 2020 kutokana na janga la UVIKO-19, kisha zikarejea.