Tulipu Iliyochelewa

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, shangazi aliniambia ati nimejitupa. Sikumjibu. Siku hizo nilikuwa ninasoma usiku kucha kuhusu tulipu, ua ambalo hapa Nairobi linasumbua kwa sababu linataka baridi kali ndiyo lichanue.

Hadithi inayojulikana ni ya Uholanzi. Mwaka 1593, Carolus Clusius alipanda vitunguu vya tulipu kwenye bustani ya Chuo Kikuu cha Leiden. Miaka arobaini na kitu baadaye, watu walikuwa wakiuziana mikataba ya vitunguu ambavyo bado vimo ardhini. Iliyotamaniwa kuliko zote iliitwa Semper Augustus, nyeupe yenye miali myekundu. Februari 1637, huko Haarlem, wanunuzi wakakosekana. Bei zikaporomoka. Ati watu walijitosa kwenye mifereji? Hiyo ni chumvi.

Kilichonishtua ni kwamba ile miali ilikuwa ugonjwa. Virusi vinavyoenezwa na vidukari ndivyo vilivyoichora, na virusi hivyohivyo vilidhoofisha kitunguu kikashindwa kuzaa vingine vya kutosha. Ndiyo maana ilikuwa adimu, na ndiyo maana ikawa ghali. Leo Semper Augustus haipo.

Jamaa zake wa porini wapo. Kwenye miteremko ya Tian Shan, Asia ya Kati, huota tulipu ambayo wauzaji wa maua huiita Tulipa tarda: fupi kama kiganja, njano yenye ncha nyeupe. Baridi inailaza chini ya theluji, kiangazi kinaikausha, na mwaka ukifika inachanua tena. Wapenda bustani wa Ulaya huizika mara moja kabla ya baridi kuingia, penye jua na udongo usiotuamisha maji. Ikishachanua, wanaacha majani yakauke yenyewe. Basi. Inarudi na kuongezeka miaka nenda miaka rudi. Zile kubwa za dukani, wengi huzipanda upya kila mwaka, maana baada ya msimu wa kwanza hunywea.

Hakuna aliyewahi kuweka nyumba rehani kwa sababu ya hii ndogo. Haikuhitaji kushangiliwa ili iishi.

Tarda ni Kilatini, maana yake "iliyochelewa". Shangazi akiniuliza tena, nina jibu.