Boti Nyembamba za Uingereza na Mzigo wa Kuzitunza

Katika mifereji ya katikati ya Uingereza kuna boti zinazofika urefu wa mita 21 na zaidi, lakini upana wake hautimii mita 2.1. Umbo hilo halikuchaguliwa na fundi aliyeziunda, wala na mtu anayelala ndani yake leo. Liliamuliwa na James Brindley, fundi wa vinu ambaye kuandika kulimpa taabu maisha yake yote.

Mwaka 1761 Brindley alikuwa amemsaidia Francis Egerton, Duke wa Bridgewater, kufungua mfereji wa kutoa makaa ya mawe Worsley na kuyafikisha Manchester. Bei ya makaa mjini ikashuka karibu nusu, na matajiri wa nchi nzima wakaanza kutafuta mahali pa kuchimba mifereji yao. Kazi kubwa zaidi ilianza mwaka 1766: kuunganisha mito ya Trent na Mersey. Mfinyanzi mashuhuri Josiah Wedgwood ndiye aliyechota udongo wa kwanza kwa sepeto, na alikuwa na kila sababu. Mikokoteni iliyopita katika barabara mbovu ilikuwa ikimvunjia vyombo, ilhali farasi mmoja akitembea ukingoni mwa mfereji aliweza kukokota zaidi ya tani 20 bila sahani moja kupasuka.

Njiani kulikuwa na kilima cha Harecastle. Ikabidi litobolewe handaki la kilomita 2.6 hivi, kazi iliyochukua miaka 11. Brindley alifariki mwaka 1772 bila kuliona limekamilika. Handaki pana lingeifilisi kampuni ya mfereji. Loki pana nazo zingekausha mabwawa yanayoulisha. Loki ni chumba cha mawe chenye malango pande mbili: boti ikishaingia malango hufungwa, maji huingizwa au kutolewa, na boti hupanda au kushuka mwinuko. Kila mara chumba kinapomwagwa, maji ya upande wa juu hupotelea chini, na hata katika loki nyembamba ni zaidi ya lita 100,000 kwa mkupuo mmoja. Brindley akaamua upana wa futi 7. Waliomfuata walichimba kwa kipimo hicho katika sehemu kubwa ya mifereji ya kati, na tangu hapo boti iliyozidi upana huo kwa vidole viwili tu huishia langoni.

Handaki la Brindley halikuwa na njia ya farasi. Farasi alipitishwa juu ya kilima, na wanaume wakalala chali juu ya boti wakikanyaga kuta kwa miguu, gizani, kwa saa 2 au 3, mpaka upande wa pili. Mhandisi Thomas Telford alikamilisha handaki la pili lenye njia ya farasi mwaka 1827. Miaka 3 baadaye reli ya Liverpool na Manchester ikafunguliwa, na mifereji ikaanza kunyang'anywa mizigo.

Wenye boti walishusha nauli ili wasikose kazi, na waliposhusha nauli wakashindwa kulipa vibarua. Mke na watoto wakahamia botini, wakawa ndio mabaharia wasio na mshahara. Kodi ya nyumba ya nchi kavu haikulipika tena. Chumba cha nyuma kilikuwa na urefu wa mita 3 hivi. Ndani yake mlikuwa na jiko la makaa, kabati ambalo mlango wake ukishushwa unakuwa meza, na kitanda kilichofunguliwa usiku kukingama chumba. Nafasi yote iliyobaki ilikuwa ya shehena, kwa sababu shehena ndiyo iliyolisha. Wageni wa leo huvutiwa na mawaridi na ngome zilizochorwa milangoni, na vyombo vya shaba vilivyosuguliwa vikang'aa. Mimi hapo naona watu waliodharauliwa na miji waliyoipelekea makaa, wakakataa kujidharau wenyewe. Mwaka 1877, baada ya kampeni ya George Smith wa Coalville, Bunge lilipitisha sheria ya kusajili boti na kuweka kikomo cha watu wanaolala ndani. Ukaguzi wa maana ulikuja na sheria ya 1884.

Nyumba hizo zilitunzwa vipi? Hapo ndipo historia ya boti hizi inapotofautiana na picha za kalenda. Kampuni kubwa zilikuwa na magudi yake. Fellows, Morton & Clayton, iliyoundwa mwaka 1889, ilikuwa nayo Saltley mjini Birmingham na Uxbridge karibu na London. Boti ya mbao ilikuwa na mwaloni ubavuni, na chini mbao za mti wa elm, ambao hauozi upesi mradi ukae majini daima. Mbao za chini zililazwa kukingama, kwa hiyo iliyochakaa iling'olewa peke yake. Fundi wa majahazi wa Lamu angeitambua kazi hiyo bila kuelezwa: nyufa zilitiwa kalafati ya nyuzi za kamba kuukuu kwa patasi na nyundo, kisha zikapakwa mchanganyiko wa lami ya moto, nywele za wanyama na kinyesi cha farasi. Familia iliyokuwa katika boti ya kampuni haikulipia hayo. Ilipoteza tu siku za kazi boti ikiwa gudini.

Injini za Bolinder kutoka Sweden zilianza kufungwa mwaka 1912, na farasi akapungua taratibu. Miaka ya 1930 kampuni ya Grand Union iliagiza boti nyingi kwa jozi, moja ya injini na nyingine ya kukokotwa. Baadhi ziliundwa Woolwich na Harland & Wolff, kampuni ile ile iliyounda Titanic huko Belfast. Boti zikawa nyingi kuliko watu wa kuziendesha. Vita vya Pili vya Dunia vilipozidi, wanawake waliokuwa hawajawahi kushika usukani walifundishwa kazi, wakachukua vyuma na mizigo mingine London kwenda Birmingham, na kurudi na makaa ya Coventry, tani 50 hivi kwa jozi.

Serikali ilitaifisha mifereji mingi mwaka 1948. Majira ya baridi ya 1962 hadi 1963 barafu ilifunga maji kwa wiki nyingi, na wateja waliohamia kwenye malori hawakurudi. Mkataba wa mwisho wa kudumu wa masafa marefu, makaa kutoka Atherstone kwenda kiwanda cha jamu cha Southall, ulikwisha Oktoba 1970. Boti zilizokosa kazi ziliuzwa kwa bei ya vyuma chakavu, zikakatwa vipande, au zikazamishwa kusudi. Huko Harefield, magharibi ya London, zilitoswa katika mashimo ya kokoto yaliyojaa maji. Nikisoma habari hiyo hasira hunipanda. Zilikuwa zana za kazi za watu walio hai, na zilitupwa mbele ya macho yao.

Mifereji yenyewe ingezikwa vilevile kama si wakaidi wachache. Mwaka 1939 mhandisi L.T.C. Rolt alianza kusafiri na mkewe katika boti ya mbao iitwayo Cressy, na kitabu chake cha mwaka 1944, Narrow Boat, kikawafungua watu macho. Yeye na Robert Aickman wakaanzisha chama cha kutetea mifereji, Inland Waterways Association, mwaka 1946. Watu wa kujitolea, wanajeshi na hata wafungwa walizibua sehemu ya kusini ya mfereji wa Stratford, ikafunguliwa tena mwaka 1964. Cressy haikuwepo kuishuhudia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mbao zake zilikuwa zimeoza, nayo ikaachwa izame.

Kuanzia miaka ya 1970 watu wa mapumziko walitaka boti mpya, na karakana nyingi ndogo zikaanza kuchomelea mabamba ya chuma. Hizo ndizo boti kuukuu ambazo mtu wa kipato cha kawaida huzinunua leo: umri wa miaka 40 au 50, bamba la milimita 6 au pungufu, mabati ya paa membamba zaidi. Jozi za miaka ya 1930 zenye ribiti zina wapenzi wake, na wengi wao watakuambia kwamba chuma cha zamani hustahimili kutu kuliko hiki cha kuchomelea.

Muuzaji husifia jiko na vitanda. Kinachouzwa hasa kiko chini ya maji. Boti hupandishwa gudini, matope na konokono huoshwa kwa maji ya nguvu, na mkaguzi hupita ubavu mzima akigonga kwa nyundo na kupima unene kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Kutu haili chuma sawasawa. Huchimba vishimo, na kishimo kimoja kirefu kina hatari kuliko bamba zima lililopungua kidogo. Kampuni nyingi za bima hudai milimita 4 zibaki. Zikipungua, mwenye boti hushauriwa achomelee bamba jipya juu ya lile la zamani, lakini uzito unaoongezeka huizamisha boti zaidi, na matundu ya hewa na ya maji machafu husogea karibu na maji. Isitoshe, kutu iliyofungiwa katikati haionekani tena. Mimi ningependelea eneo bovu likatwe na kuwekwa jipya, hata kama ni kwa awamu na gharama ni kubwa, kuliko kuufunika ugonjwa.

Kila baada ya miaka 2 au 3 mwili wa boti hupakwa lami upya, na vipande vya magnesi vilivyochomelewa ubavuni hubadilishwa. Magnesi huliwa ili chuma kisiliwe. Boti iliyounganishwa na umeme wa gatini hushirikiana waya wa ardhini na majirani zake, na mkondo mdogo unaopita kati yao huweza kuzila magnesi za boti nzuri kwa ajili ya boti mbaya iliyofungwa kando yake. Kifaa cha kuzuia mkondo huo ni rahisi, lakini boti nyingi za zamani hazikufungiwa.

Kazi ya kila siku iko tezi. Mhimili wa rafadha hutokea nje kupitia tundu lililopakiwa kamba yenye grisi, na baada ya safari kikombe cha grisi hukazwa kidogo kidogo mpaka matone yakome. Kisha hutazamwa ngama, chini kabisa ya boti, kama imekusanya maji. Karibu hapo kuna kifuniko cha kufikia rafadha kwa mkono ili kuondoa magugu, matambara na waya. Kisiporudishwa na kukazwa barabara, injini ikiwashwa rafadha huyasukuma maji ndani, na boti iliyovuka vita na barafu huzama kwa dakika chache. Hatari nyingine iko ndani ya loki: anayeshuka akisogea nyuma mno, tezi hukalia kizingiti cha mawe, maji yanashuka, omo inaning'inia, boti inapinduka. Jiko la makaa nalo limeua watu kwa hewa ya kaboni monoksidi; tangu 2019 king'ora chake ni sharti la cheti cha usalama, kinachotakiwa kila baada ya miaka 4.

Tangu Julai 2012 mifereji mingi ya Uingereza na Wales iko chini ya shirika la Canal & River Trust. Leseni zake ni zaidi ya 30,000, na wengi wanaishi botini kwa sababu kodi za nyumba zimewashinda. Sheria ya mifereji ya 1995 humruhusu asiye na gati la kudumu kuishi kwa kusafiri, mradi asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14. Mtu wa namna hiyo hana karakana ya kampuni wala siku za kuacha kazi; gudi ya Saltley sasa ni yeye mwenyewe, magoti yake na akiba yake.

Na njia anayopita ni kuukuu kuliko boti. Agosti 2019 bwawa la Toddbrook, linalolisha mifereji ya milima ya Peak, lilibomoka sehemu ya njia yake ya kumwagia maji ya ziada, na watu wapatao 1,500 wa mji wa Whaley Bridge wakahamishwa. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba ruzuku yake kwa Trust itapungua kuanzia 2027. Waliozika mifereji miaka ya 1950 nao walianza kwa kupunguza fedha za matengenezo.

Sheria ya Uingereza huzilinda nyingi kati ya loki za zamani, madaraja na majengo ya ukingoni. Huwezi kung'oa jiwe bila kibali. Boti haina kinga hiyo. Iliyoundwa Woolwich mwaka 1936 inaweza kuandikishwa katika rejista ya taifa ya vyombo vya kihistoria, na bado mwenyewe akawa na haki ya kuikata vipande kesho asubuhi. Msamaha wa kodi kwa kazi za gudini, na mikopo nafuu kwa wanaoishi ndani ya boti hizo, ungegharimu kidogo sana ukilinganishwa na kuzibua mfereji uliokwisha kufukiwa.