Nabii, Mwaguzi na Mfumbuaji: Habari za Kuwapima Wahubiri katika Pwani ya Tanga

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, twapata habari za watu wa Beroya. Paulo alipowahubiri hawakumkataa, wala hawakumkubali papo hapo, bali walikwenda kuyachunguza Maandiko kila siku, wapate kujua kama mambo yale ndivyo yalivyo. Luka awasifu kwa hayo, na aliyepimwa alikuwa mtume. Liko jambo moja katika habari hii ambalo wasomaji wengi hulipita upesi, nalo ni kwamba watu wale walikuwa nayo Maandiko, na kwa lugha waliyoijua. Msikiaji asiye na kitabu hawezi kumpima mhubiri kwa kitabu. Hana budi kumpima kwa mengine. Basi twataka kueleza jinsi watu wa Tanga, Bonde na Usambara walivyowapima wenye kunena kwa jina la Mungu, kwanza bila kitabu, na baadaye nacho.

Katika milima ya Usambara, mfalme wa Kikilindi aliyekaa Vuga alihesabiwa kuwa ndiye mwenye mvua. Mwaguzi naye alikuwa na heshima yake, lakini heshima hiyo ilikuwa na mpaka: alipoagua, watu walingoja. Mvua ikinyesha, au mgonjwa akiinuka, jina lake lilikua. Isiponyesha, walimwendea mwingine. Ni kipimo cha matokeo, wala si cha kudharauliwa, maana hata Torati imekiandika. Huku pwani, katika miji ya Tanga na Pangani, Waislamu walikuwa na kipimo cha namna nyingine. Mwalimu huulizwa elimu yake ameipata kwa nani, na huyo kwa nani, hata mlolongo ufike mwanzo wake. Mwaka wa 1908 ilienea katika pwani ya koloni la Wadachi, hasa upande wa Lindi, barua iliyosemwa kuwa imetoka Makka, yenye kuonya kwamba mwisho umekaribia. Serikali ikashtuka sana. Lakini barua isiyo na mlolongo wa kueleweka, kwa mtu wa chuoni, ni karatasi tu, hata ikitaja ndoto tukufu namna gani. Twaitaja ili isidhaniwe kwamba kupima maneno ya dini kulifika hapa kwa merikebu ya misioni.

Krapf alifika Vuga mwaka wa 1848, akarudi tena mwaka wa 1852, akipokewa na mfalme Kimweri. Katika nchi ambayo kila mwenye maneno ya Mungu hutazamiwa dawa na mvua, haikuwa ajabu mgeni mwenye kitabu kudhaniwa kuwa mganga. Walakini Krapf mwenyewe alitoka katika nchi iliyokuwa imekwisha kuonja uchungu wa utabiri. Alizaliwa Württemberg mwaka wa 1810, na huko mwanachuoni mmoja mcha Mungu, Johann Albrecht Bengel, aliyekufa mwaka wa 1752, alikuwa amehesabu kwa tarakimu za kitabu cha Ufunuo kwamba mambo makuu yatatukia mwaka wa 1836. Bengel hakuwa mdanganyifu. Alisema waziwazi kwamba mwaka ule ukipita bila mageuzi makubwa, basi msingi wa hesabu yake una kosa, na watu walitafute. Mwaka ukapita. Mwaka uliofuata Krapf alisafiri kwenda Uhabeshi. Tena mwaka wa 1844, mwaka ule ule alipofika Mombasa na kuanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo, kule Marekani wafuasi wa William Miller walikesha tarehe 22 Oktoba wakimngoja Bwana, na kulipokucha wakalia. Katika waliobaki wakirudia Maandiko kwa machozi ndimo lilimotoka kanisa la Waadventista, ambao mwaka wa 1903 wajumbe wao Ehlers na Enns walikuja kukaa Upare wa kusini.

Kipimo cha Beroya hakikuwezekana Bonde mpaka Biblia ilipopatikana. Misioni ya Magila ilianza miaka ya 1860, ikasimama imara tangu mwaka wa 1875 Farler alipofika. Askofu Steere alikuwa Unguja akifasiri na kupiga chapa. Alikufa mwaka wa 1882, wengine wakaimaliza kazi, na Biblia nzima ikatoka mwaka wa 1891. Mwaka uliotangulia Walutheri walikuwa wamefika Tanga, na mwaka ule ule wa 1891 wakapanda Mlalo. Hivyo katika muda wa miaka michache mtu wa Bonde aliweza kumsikia mwalimu wa Kiingereza siku moja, na siku nyingine mwalimu wa Kidachi, wasiopatana katika mambo kadha wa kadha, kisha akaenda kwake akafungua kitabu. Kwa maoni yetu mageuzi haya yalikuwa makubwa kuliko majengo yote ya mawe ya misioni.

Hapa yatupasa kusimama kidogo juu ya maneno. Steere alichagua neno nabii, ambalo watu wa pwani walikuwa nalo tangu zamani. Ni neno zito. Kwa Mwislamu wa Tanga hesabu ya manabii imekwisha kufungwa, na mtu akisema "mimi ni nabii" husikiwa kama mwenye wazimu au mwenye kufuru. Uzito huo uliwalinda Wakristo pia kwa miaka mingi, kwa kuwa mhubiri aliona haya kujiita hivyo mbele ya jirani zake. Karl Roehl, aliyefanya kazi Usambara na kutoa Biblia yake nzima mwaka wa 1937, hakuyapenda maneno ya Kiarabu. Mahali pa nabii aliweka mfumbuaji, yaani mtu afumbuaye fumbo. Wengi walilicheka neno hili, na tafsiri ya mwaka wa 1952 ikarudi kwenye nabii. Hata hivyo Roehl aliona jambo la kweli. Isaya na Amosi, ukiwasoma, hawashughuliki sana na kutaja tarehe. Wawafumbulia watu matendo yao wenyewe: mizani ya hila, mjane aliyenyang'anywa, sadaka isiyo na haki. Anayebashiri tu bila kufumbua yuko karibu na mwaguzi kuliko na Amosi. Siku hizi neno nabii limekuwa cheo, laandikwa kwa herufi kubwa katika matangazo ya barabarani, na ule uzito wa zamani umepungua.

Maandiko yenyewe hayakutoa kipimo kimoja. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, lasema neno lisipotukia, Bwana hakulinena. Lakini sura ya 13 ya kitabu hicho hicho yaonya kwamba hata ishara ikitukia, mwenye ishara akiwavuta watu wamwache Mungu, asisikilizwe. Na Yona je? Alitangaza siku arobaini, Ninawi haukuangamizwa, naye hakuwa nabii wa uongo, kwa sababu watu walitubu. Kwa hiyo mtu akisema kwamba kungoja matokeo kwatosha, amesoma nusu. Paulo naye awaambia Wathesalonike wasiudharau unabii, na papo hapo wajaribu yote. Neno la kwanza huwasahauliwa wazee wa kanisa, na la pili huwasahauliwa vijana.

Jambo lililoitikisa nchi yote lilitokea mwaka wa 2011, Samunge katika Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alisema Mungu amemwonyesha katika ndoto mti wa dawa, na kila mtu anywe kikombe kimoja kwa shilingi 500. Watu walikwenda kwa maelfu, kutoka kila mkoa na nchi jirani, foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi. Magazeti yaliandika habari za makumi ya wagonjwa waliokufa wakingoja, na wengine walioacha dawa zao za hospitali. Kwa kipimo cha tamaa ya fedha mzee yule hakuonekana na hatia, maana shilingi 500 si bei ya mwenye pupa. Ndiyo sababu wengi walishindwa kumpima. Lakini kiko kipimo ambacho, kwa kadiri tunavyokumbuka, wachache walikitaja. Katika Luka, sura ya 17, Bwana aliwaambia wakoma kumi waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa sheria ya Walawi kuhani ndiye aliyechunguza ngozi na kutoa hukumu, wala si mgonjwa mwenyewe wala yule aliyemponya. Kuponywa kwa kweli hakuogopi kuchunguzwa na mwenye kazi yake. Mzee alikufa mwaka wa 2021.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola karibu na Malindi, yaani pwani hii hii yetu upande wa Kenya, makaburi yalianza kufukuliwa, na miili ikapita mia nne. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa kwamba aliwaagiza watu wafunge hata kufa ili wamwone Yesu, mwenyewe alikana. Katika waliozikwa walikuwamo watoto wengi. Watu wale hawakuwa washenzi wasio na kitabu. Biblia ya Kiswahili walikuwa nayo nyumbani. Isaya, sura ya 58, yaeleza saumu impendezayo Mungu, nayo ni kumpa mwenye njaa chakula. Na Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 4, awataja wakatazao vyakula pamoja na roho zidanganyazo. Milango hii yaweza kusomwa kwa muda wa robo saa. Lakini watu wa Beroya walisoma kila siku, nao walisoma pamoja. Wale wa Shakahola walikuwa wametolewa kwanza katika shule, hospitali na jamaa zao, hata asibakie mtu wa kuwauliza wamesoma wapi.