Ahadi ya Samaki Mlangoni mwa Mto Elwha

Wasikilizaji wetu, wahenga walinena ya kuwa ahadi ni deni. Jioni hii twataka kusimulia habari za deni moja lililokaa zaidi ya miaka mia, na mashahidi wake walikuwa samaki.

Katika pembe ya kaskazini magharibi ya Marekani, jimbo la Washington, kuna mto uitwao Elwha. Watoka katika milima ya theluji, ukashuka maili 45, ukaingia katika mlango wa bahari wa Juan de Fuca. Hapo mwisho wa mto walikaa tangu kale watu wa kabila la Klallam, na riziki yao kubwa ilikuwa samaki aitwaye samoni.

Samaki huyu ana desturi ya ajabu. Huzaliwa mtoni, hushuka baharini akakulia humo, kisha hurudi katika mto ule ule, akazaa, akafa. Wataalamu wametambua kuwa huujua mto wake kwa harufu ya maji. Miezi ya Septemba na Oktoba, majani ya miti yanapopukutika, samoni wa aina ya koho hukusanyika katika maji ya chumvi karibu na mlango wa mto, wakingoja mvua iujaze wapate kupanda. Hapo ndipo mvuvi apatapo nafasi yake, kwa maana samaki angali mnene, tena angali akila. Akiisha kuingia mtoni huacha kula. Waklallam walitoka kwa mitumbwi ya mierezi wakirambaza, yaani wakikokota mshipi wenye ndoano nyuma ya chombo.

Mwaka 1855 wakuu wao walifanya mapatano na Serikali ya Marekani mahali paitwapo Point No Point. Ardhi waliitoa, haki ya kuvua mahali walipozoea wakajiwekea. Serikali ikaahidi, na ahadi ikaandikwa.

Lakini mwaka 1910 ilianza kazi ya kujenga boma la kuuzuia mto, maili 5 tu kutoka baharini, ili kupata nguvu ya umeme. Likamalizika mwaka 1913. Sheria ya jimbo ya mwaka 1890 iliamuru kila boma liwe na njia ya samaki, lakini hapo njia haikufanywa. Badala yake wakajenga mahali pa kutotolesha samaki, napo pakaachwa mwaka 1922. Mwaka 1927 likaongezwa boma la pili, juu zaidi. Basi samoni waliokuwa wakingoja mvua walipanda maili 5, wakakuta ukuta. Hapo kwanza yakadiriwa kuwa samaki karibu 400,000 walirudi kila mwaka. Baadaye wakabaki elfu chache tu.

Kwa miaka mingi maofisa wa jimbo waliwakamata Wahindi Wekundu waliovua kwa haki ile ya mapatano. Mwaka 1974 hakimu George Boldt aliamua kuwa makabila yenye mapatano yanayo haki ya nusu ya samaki wawezao kuvuliwa, na mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Marekani ikaithibitisha hukumu hiyo. Ilikuwa hukumu njema. Lakini twauliza: katika mto uliozibwa, nusu ya nini?

Ndipo Waklallam walipozidi kudai kwamba maboma yaondolewe. Sheria ya kuurudisha mto katika hali yake ilipitishwa mwaka 1992. Kazi ya kubomoa ikaanza mwaka 2011, ikaisha mwaka 2014. Mchanga uliofungwa karibu miaka 100 ukashuka hadi baharini, ukafanya ufuko mpya mlangoni mwa mto. Uvuvi mtoni ukasimamishwa ili samaki wapate kuzaana. Mwezi wa Oktoba 2023 kabila liliruhusiwa kuvua koho wachache, kwa chakula na kwa sherehe zake. Wazee walioukumbuka mto kabla ya kuzibwa walikuwa wamekwisha kufa.

Wasikilizaji, mvuvi aketiye katika mtumbwi baharini hutazama mshipi wake, wala haoni yatendwayo mtoni juu. Lakini huko ndiko riziki yake inakoamuliwa. Aahidiye samaki ameahidi na mto pia. Deni la Elwha limeanza kulipwa; halijaisha.