Kuhesabiwa haki kwa imani

Kuhesabiwa haki kwa imani ni fundisho la Kikristo lisemalo kwamba mwanadamu mwenye dhambi hukubaliwa na Mungu kwa neema tupu, kwa kumwamini Yesu Kristo, wala si kwa malipo ya matendo mema aliyoyatenda. Fundisho hili lilikuwa kiini cha mgawanyiko wa Wakristo wa Ulaya Magharibi katika karne ya 16. Kwa Walutheri ndilo kipimo cha mafundisho mengine yote, na Wakristo wa madhehebu mengi ya Kiprotestanti wanalishika vilevile.

Wasiolijua vizuri hudhani kwamba linadharau matendo mema, au kwamba linampa mtu ruhusa ya kuishi apendavyo. Sivyo. Wakatoliki, Waorthodoksi na Waprotestanti wote wanafundisha kwamba imani isiyozaa upendo ni bure. Ubishi umekuwa juu ya mahali pa matendo: je, yana sehemu katika kumpatia mtu kibali mbele za Mungu, au yanafuata baada ya kibali hicho kutolewa bure?

Msingi katika Biblia

Mwalimu mkuu wa fundisho hili ni Mtume Paulo, hasa katika waraka kwa Wagalatia na ule kwa Warumi, ambao aliuandika akiwa Korintho mnamo mwaka 57. Hakuliandika kama zoezi la darasani. Watu wasio Wayahudi walikuwa wanaingia Kanisani kwa wingi, na baadhi ya waamini wa Kiyahudi walitaka watahiriwe na kushika sheria ya Musa kwanza. Suala hilo lilijadiliwa na mitume huko Yerusalemu mnamo mwaka 49, kama kinavyoeleza kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 15. Huko Antiokia Petro alipoacha kula pamoja na waamini wasiotahiriwa, Paulo alimpinga mbele ya watu wote (Wagalatia 2). Kwake, meza iliyotenganishwa ilikuwa imeikana Injili yenyewe.

Hoja yake aliijenga juu ya Abrahamu. Katika kitabu cha Mwanzo, Abrahamu anahesabiwa haki kwa kuamini ahadi ya Mungu katika sura ya 15, na tohara inakuja baadaye katika sura ya 17. Kwa hiyo, asema Paulo, Abrahamu ni baba wa wote waaminio, waliotahiriwa na wasiotahiriwa. Anaongeza nabii Habakuki (2:4), anayemtaja mwenye haki kuwa mtu anayeishi kwa imani. Waraka kwa Waefeso (2:8-10) unalipanga fundisho lote kwa mfuatano: wokovu ni kipawa cha neema, hautokani na matendo asije mtu akajisifu, na waliookolewa wameumbwa ili watende mema.

Injili nazo zina mifano ya namna hiyo. Katika Luka 18, mtoza ushuru anayeomba rehema anarudi nyumbani akiwa na haki kuliko Farisayo aliyeorodhesha mema yake hekaluni. Katika Luka 23, mhalifu aliyesulubiwa anaahidiwa paradiso wakati hana tena nafasi ya kutenda lolote.

Paulo na Yakobo

Kwa upande mwingine, waraka wa Yakobo, sura ya 2, unasema waziwazi kwamba mtu hahesabiwi haki kwa imani peke yake, nao unamtumia Abrahamu yuleyule, safari hii katika tukio la kumtoa Isaka sadaka (Mwanzo 22). Tena Yesu, katika Mathayo 25, anaeleza hukumu ya mwisho kwa kuangalia nani aliwalisha wenye njaa na kuwatembelea wafungwa.

Wafafanuzi wengi wanaona kwamba Paulo na Yakobo wanapambana na makosa mawili tofauti. Paulo anamkabili mtu anayetegemea sheria aliyoishika. Yakobo anamkabili mtu anayekiri kwa mdomo huku ndugu yake akikaa uchi na njaa. Imani ya namna hiyo, asema, hata mashetani wanayo. Paulo mwenyewe anasema katika Wagalatia 5:6 kwamba imani inayohesabika ni ile inayofanya kazi kwa upendo. Hata hivyo Martin Luther, kiongozi wa Matengenezo ya Kanisa katika karne ya 16, hakuridhishwa na Yakobo, na katika Agano Jipya alilolitafsiri kwa Kijerumani mwaka 1522 aliusogeza waraka huo karibu na mwisho.

Augustino na karne za kati

Mjadala mkubwa wa kwanza baada ya mitume ulifanyika hasa Afrika Kaskazini. Augustino, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354 na kuwa askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alipingana na Pelagio, mtawa mwenye asili ya Britania. Pelagio alifundisha kwamba mtu ana uwezo wa kushika amri za Mungu akitaka, kwa kuwa Mungu hawezi kuamuru lisilowezekana. Augustino alijibu kwamba utashi wenyewe umejeruhiwa na dhambi, hata ule mwanzo wa kutaka mema ni kazi ya neema. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ulilaani mafundisho ya Pelagio, na sinodi ya Orange, kusini mwa Ufaransa, ikathibitisha mwaka 529 kwamba hata mwanzo wa imani hutoka kwa Mungu.

Kwa Augustino, Mungu humfanya mtu awe mwadilifu kwa kumtia upendo moyoni. Thomas wa Akwino (1225-1274) aliendeleza wazo hilo kwa kufundisha kwamba imani hukamilishwa na upendo. Lakini kuelekea mwisho wa karne za kati, wanateolojia kama Gabriel Biel (aliyefariki 1495) walifundisha kwamba mtu akifanya yote yaliyo katika uwezo wake, Mungu hatamnyima neema. Wengi walifarijika kwa fundisho hilo. Wengine lilizidisha hofu yao: nitajuaje kwamba kweli nimefanya yote niwezayo?

Luther na Matengenezo ya Kanisa

Swali hilo lilimtesa Luther (1483-1546), mtawa wa shirika la Waaugustino aliyekuwa mwalimu wa Biblia katika Chuo Kikuu cha Wittenberg, Ujerumani. Alifunga, alikesha na kuungama mara kwa mara, lakini dhamiri yake haikutulia. Akifundisha Zaburi, kisha Warumi mwaka 1515 na 1516, alifikia kuielewa haki ya Mungu kuwa zawadi ambayo kwayo Mungu humpa mwenye dhambi kibali, ilhali awali aliiona kuwa ni haki inayomwadhibu.

Ugomvi wa hadharani ulianzia kwenye rehema, yaani msamaha wa adhabu za muda uliotolewa na Kanisa, ambao vyeti vyake viliuzwa na mhubiri Johann Tetzel. Sehemu ya fedha ilikwenda kujenga Basilika la Mtakatifu Petro huko Roma, na sehemu ilikwenda kulipa madeni ya Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz. Tarehe 31 Oktoba 1517 Luther alitoa hoja 95 za kupinga biashara hiyo. Fundisho lenyewe alilieleza kwa ukamilifu zaidi mwaka 1520 katika kitabu kuhusu uhuru wa Mkristo. Mwaka uleule alitoa kitabu kingine kuhusu matendo mema, kuwajibu waliosema kwamba anayafuta.

Mafundisho yake yanaweza kufupishwa katika mambo manne:

Kwanza, haki inayomwokoa mtu ni ya Kristo. Mungu humhesabia mwamini haki hiyo, kama hakimu anavyomtangaza mshtakiwa kuwa huru.

Pili, imani ni zaidi ya kujua habari za Yesu au kukubali kwamba ni za kweli; ni kuitumaini ahadi yake. Nayo imani ni kazi ya Roho Mtakatifu, si tendo jingine la kujipatia stahili.

Tatu, mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja: mwenye haki katika Kristo, mwenye dhambi akijitazama mwenyewe. Kwa hiyo anahitaji toba kila siku.

Nne, matendo mema hayaelekezwi kwa Mungu ili yanunue kibali chake, bali kwa jirani mwenye shida. Aliyeondolewa hofu ya hukumu anapata nafasi ya kumfikiria mwenzake bila kupiga hesabu ya thawabu.

Jambo hili la nne ndilo husahaulika zaidi, na bila hilo fundisho zima hupotoshwa. Matokeo yake yalionekana mapema. Mwaka 1523 mji wa Leisnig, kwa kuungwa mkono na Luther, ulianzisha hazina ya pamoja ambamo mali za Kanisa zilitumika kuwasaidia maskini, wazee na yatima, na kugharimia shule.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, lililoandikwa na Philipp Melanchthon, liliweka fundisho la kuhesabiwa haki katika kifungu cha 4, utii mpya katika kifungu cha 6, na uhusiano wa imani na matendo katika kifungu cha 20.

Jibu la Kanisa Katoliki

Mwaka 1541, huko Regensburg, wanateolojia wa pande zote mbili, wakiwemo Melanchthon na Johann Eck, walikubaliana juu ya maneno ya pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, Kardinali Gasparo Contarini akiwa mwakilishi wa Papa. Lakini Luther na Roma wote waliyakataa.

Mtaguso wa Trento (1545-1563) ulitoa hati yake kuhusu jambo hili tarehe 13 Januari 1547, yenye sura 16 na kanuni 33. Hati hiyo inamkataa Pelagio: hakuna kitu kinachotangulia, iwe imani au matendo, kinachostahili neema ya kuhesabiwa haki. Papo hapo inakataa kwamba imani peke yake yatosha. Kwa Trento, kuhesabiwa haki ni kusamehewa dhambi na pia kufanywa upya kwa ndani. Mtu hushirikiana na neema kwa hiari, na matendo anayoyatenda katika neema humwongezea haki na kustahili uzima wa milele.

Madhehebu mengine

John Calvin alikubaliana na Luther juu ya msingi, akasisitiza kwamba Kristo humpa mwamini mambo mawili pamoja, haki na utakaso, yasiyoweza kutenganishwa. Waanglikana waliliweka fundisho hilo katika kifungu cha 11 cha Vifungu 39. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alipata uhakika wa wokovu London tarehe 24 Mei 1738 akisikiliza dibaji ya Luther kwa waraka wa Warumi ikisomwa. Baadaye alihubiri sana utakatifu wa maisha. Waorthodoksi wa Mashariki hawakushiriki katika ugomvi huo. Wao hueleza wokovu hasa kama kushirikishwa uzima wa Mungu, safari ambayo neema na juhudi za mtu huenda pamoja.

Ndani ya Uprotestanti wenyewe kumekuwa na maonyo dhidi ya kulitumia vibaya fundisho hili. Luther alimpinga rafiki yake Johann Agricola aliyedai kwamba sheria ya Mungu haifai kuhubiriwa kwa waamini. Mwaka 1937 Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyeuawa na utawala wa Hitler mwaka 1945, aliandika kuwashutumu wanaohubiri msamaha bila toba wala kumfuata Kristo.

Afrika Mashariki

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walilileta fundisho hili katika Tanzania ya leo mwishoni mwa karne ya 19, na vijana wa kipaimara wamelisoma kupitia Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT).

Msukumo mwingine ulikuwa Uamsho ulioenea katika miaka ya 1930 kutoka Gahini, Rwanda, na Uganda hadi Kenya na Tanganyika. Miongoni mwa waanzilishi wake walikuwa Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari Mwingereza Joe Church. Wafuasi wake, walioitwa Walokole, walihubiri kwamba kubatizwa na kuhudhuria ibada hakutoshi: mtu atubu na kuipokea damu ya Yesu kwa imani. Waliookoka waliungama hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba na kupatana na maadui zao. Uamsho huo ulimlea Josiah Kibira, askofu wa Bukoba, aliyekuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kuanzia mwaka 1977 hadi 1984.

Mapatano ya mwaka 1999

Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia sahihi Tamko la Pamoja kuhusu Fundisho la Kuhesabiwa Haki. Wanakiri pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, kwa kuiamini kazi ya Kristo na bila stahili yoyote yake, na kwamba Roho Mtakatifu humfanya upya ili atende mema. Tofauti zilizobaki, kama vile namna ya kusema juu ya dhambi ndani ya mwamini, zilionekana kutotosha kuendeleza laana ambazo pande hizo mbili zilitoleana katika karne ya 16. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006, na Ushirika wa Makanisa ya Kireformati Duniani mwaka 2017 huko Wittenberg. Baadhi ya Walutheri, likiwemo Kanisa la Kilutheri la Sinodi ya Missouri nchini Marekani, hawakulikubali.

Tamko hilo halikuleta meza moja ya Ekaristi, kwa kuwa masuala ya huduma ya daraja takatifu na mamlaka ya Papa bado hayajatatuliwa. Lakini juu ya swali lililowatenga, yaani mwenye dhambi anasimama mbele za Mungu kwa nini, Wakatoliki na Walutheri walioafikiana sasa wanatoa jibu moja: kwa neema. Na matendo mema yana mahali pake pa heshima, kwa jirani anayeyahitaji.